Mashariki ya Congo: Wahudumu wa afya wanavunjika moyo, na uvumilivu peke yake hautawaponya

Katika hospitali na vituo vya afya vya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri kuna ugonjwa usioandikwa katika daftari la wagonjwa. Unawashika wale wanaoandika daftari hilo. Muuguzi anamaliza zamu ya usiku, anafika nyumbani, na usingizi hauji. Daktari aliyekuwa akicheka na wagonjwa anaanza kuwafokea. Mkunga aliyependa kazi yake tangu ujana anahesabu saa tu ili aondoke. Majirani wanasema amekuwa na kiburi, wakubwa wake wanasema amekuwa mvivu. Mara nyingi ni mtu aliyevunjika moyo kazini, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa miaka mingi jibu limekuwa lile lile: vumilieni, hii ni kazi ya wito, na vita itaisha siku moja. Jibu hilo linaweka lawama yote juu ya vita na mzigo wote juu ya moyo wa mhudumu. Lakini ukiangalia namna watu hawa wanavyofanya kazi, utaona kwamba vita na magonjwa ya mlipuko yanaeleza sehemu moja tu ya hali hii. Sehemu nyingine inatokana na kazi yenyewe ilivyopangwa: nani anabeba mzigo gani, analipwa na nani, ana uwezo gani wa kuamua, na kama anatendewa haki. Sehemu hiyo inaweza kurekebishwa hata kabla ya bunduki kunyamaza.

Stresi, kuishiwa nguvu na depresyoni

Maneno haya matatu yanachanganywa kila siku, na kuyachanganya kunaharibu matibabu.

Stresi ya kazi ni hali ya mwili na akili kubanwa kwa sababu kazi inadai zaidi ya nguvu na vifaa alivyo navyo mtu. Ikiwa ya muda mfupi si ugonjwa. Anayepokea majeruhi kumi ndani ya saa moja lazima moyo umwende mbio, na hilo linamsaidia kufanya haraka. Tatizo linaanza pale ambapo siku ya kupumua haifiki.

Stresi ikikaa miezi na miaka bila kushughulikiwa, inazaa hali ya kuishiwa nguvu kazini. Mwezi Mei 2019, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza kwamba hali hiyo imo katika orodha mpya ya kimataifa ya magonjwa kama jambo linalotokana na kazi, bila kuiita ugonjwa. Alama zake ni tatu: uchovu usioisha hata baada ya kulala, moyo kujitenga na kazi, hadi mgonjwa anaonekana kama namba ya kitanda, na mtu kujiona kwamba lolote analofanya halina faida.

Depresyoni ni ugonjwa kamili, na haibaki kazini. Ni huzuni nzito au kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku, kwa majuma yasiyopungua mawili, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kutopendeza, mwili kukosa nguvu, kujilaumu, akili kushindwa kutulia, na wakati mwingine mawazo ya kufa. Aliyechoka tu, akipunguziwa mzigo na kupewa mapumziko, anaweza kurudi katika hali yake. Mwenye depresyoni anaweza kupewa likizo ya mwezi mzima na akabaki kitandani. Huyo anahitaji kutibiwa kama anavyotibiwa mwenye malaria au kisukari.

Mwaka 2019, OMS ilikadiria kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya watano katika maeneo yaliyopitia vita anaishi na tatizo la afya ya akili, kuanzia depresyoni na hofu ya kudumu hadi majeraha ya moyo yanayotokana na ukatili. Wahudumu wa afya wa Masisi, Djugu au Fizi ni wakaaji wa maeneo hayo hayo. Wamekimbia kwa njia zile zile na kuzika ndugu kama wengine. Kisha asubuhi wanavaa bluzi nyeupe na kuanza kusikiliza taabu za watu.

Miaka isiyotoa nafasi ya kupumua

Tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa upande wa Mangina na Beni. Hadi ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo wahudumu wa afya 171. Na virusi havikuwa hatari pekee. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari Mcameroun Richard Mouzoko, aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali mjini Butembo. Siku chache baadaye madaktari wa mji huo waliandamana wakidai ulinzi. Mwezi Novemba mwaka huo huo, wafanyakazi wanne wa mapambano dhidi ya Ebola waliuawa Biakato Mines na Mangina.

Ebola ilikuwa haijaisha wakati Covid-19 ilipoingia nchini mwezi Machi 2020. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ukatapika moto, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama, pamoja na wagonjwa na wale wanaowahudumia. Kuanzia mwisho wa mwaka 2021 waasi wa M23 walirudi vitani, na kambi za wakimbizi wa ndani zikauzunguka mji wa Goma. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikautangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya kimataifa.

Mwisho wa Januari 2025 Goma ilitekwa, na katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Hospitali za Goma zilipokea mamia ya majeruhi kwa siku chache, huku mji ukikosa umeme na maji, na maghala ya dawa na misaada yakiporwa. Waliokuwa zamu walilazimika kulala hospitalini kwa sababu kurudi nyumbani kulikuwa hatari kuliko kubaki. Mwezi Novemba 2025, kituo cha afya cha Byambwe, wilaya ya Lubero, kilivamiwa na waasi wa ADF. Umoja wa Mataifa ulisema watu wasiopungua 17 waliuawa hapo, wakiwemo wanawake waliofika kwa huduma za uzazi.

Orodha hii ni ndefu, lakini inaacha swali moja. Katika mji ule ule na hospitali ile ile, wapo waliopitia haya yote na bado wanasimama, na wapo walioanguka. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Mtu na kazi vinapokosa kulingana

Jibu moja lilitolewa mwaka 1997 na watafiti wawili wa saikolojia ya kazi, Christina Maslach wa Marekani na Michael Leiter wa Canada. Walisema chanzo cha mtu kuishiwa nguvu ni kukosa kulingana kati yake na kazi yake, wala si udhaifu wa moyo. Walitaja mambo sita ya kuangalia: mzigo, uwezo wa kuamua, malipo, umoja kazini, haki, na maadili. Walikuwa wakifikiria sehemu za kazi za Amerika Kaskazini, lakini ukiyapeleka mambo hayo sita katika zoni ya afya ya Lubero au Minova, yanafungua macho.

Mzigo ndio wa kwanza kuonekana. Kituo kilichopangiwa wakaaji wa vijiji kadhaa kinaamka siku moja na familia za wakimbizi mlangoni, lakini idadi ya wauguzi haibadiliki. Mara nyingine inapungua, maana nao ni raia na wanakimbia. Mwishoni mwa 2025, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilieleza kwamba katika Kivu zote mbili vituo vingi ilivyochunguza vilikosa dawa, na vingi vilikuwa vimepoteza wafanyakazi. Anayebaki anafanya zamu yake na ya aliyekimbia.

Upo pia mzigo usiopimwa kwa saa. Mwaka 2023, Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, pamoja na wizara ya afya, waliwahudumia zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono nchini Congo, yaani zaidi ya wawili kila saa. Wengi walikuwa katika kambi za kandokando ya Goma. Kila mmoja alisikilizwa na mtu. Anayesikiliza simulizi kama hizo tangu asubuhi hadi jioni, juma baada ya juma, anaanza kuota ndoto za wengine.

Jambo la pili ni uwezo wa kuamua. Hapa ndipo swali la kazi inayomfaa mtu linapouma zaidi. Daktari kijana anatoka chuo kikuu cha Goma, Bukavu, Butembo au Bunia akiwa na masomo ya tiba ya jumla, anatumwa hospitali ya wilaya isiyo na mpasuaji, na usiku wa kwanza analetewa mama anayevuja damu. Lazima apasue. Akifaulu, kesho atapasua mwingine. Akishindwa, atabaki na kifo hicho peke yake. Muuguzi aliyesoma kusaidia anajikuta akiongoza kituo, akishika sanduku la pesa, akiandika ripoti za kila mwezi na kuzungumza na wenye silaha wanaotaka dawa. Mwingine amesomea afya ya jamii lakini amewekwa chumba cha kufunga vidonda. Hakuna aliyeuliza nani anafaa wapi, walijaza mapengo.

Kibaya zaidi ni kujua la kufanya na kukosa njia. Dawa unaijua, lakini rafu ni tupu. Mgonjwa anahitaji kupelekwa hospitali kuu, lakini barabara imefungwa. Usiku wa tarehe 28 Februari 2025, kwa maelezo ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, wapiganaji wa M23 waliingia katika hospitali mbili za Goma na kuwachukua wagonjwa na majeruhi zaidi ya 130. Muuguzi aliyefundishwa kwamba mgonjwa akiwa kitandani yuko chini ya ulinzi wake anarudi vipi katika wodi hiyo kesho yake?

Mshahara, haki na aibu ya mlangoni

Mambo mengine manne yanagusa pesa na heshima.

Mhudumu wa afya wa serikali anatakiwa kupata mshahara na posho ya hatari, ile ambayo wengi wanaiita primi. Ukweli unajulikana kwa kila mtu anayefanya kazi hiyo: wengi wanafanya kazi miaka bila namba ya utumishi, wengine wanapata posho bila mshahara, na wengine hawapati chochote kutoka Kinshasa. Wanaishi kwa mgawo wa pesa ambazo wagonjwa wanalipa, ambao unapungua kila wagonjwa wanapokuwa maskini zaidi. Migomo ya madaktari na wauguzi imezaliwa hapo mara nyingi. Tangu mabenki ya Goma yafunge milango Januari 2025, hata mwenye haki ya mshahara ameona pesa yake ikigeuka safari ndefu au makato ya kuitoa kwa simu.

Hapo mtaalamu Johannes Siegrist ana la kusema. Tangu mwaka 1996 alionyesha kwamba mtu anayetoa nguvu nyingi na kupata kidogo, kwa pesa, heshima au usalama wa kazi, anaumia mwili na akili. Kinachomuumiza ni ule uwiano uliovunjika, zaidi ya ugumu wa kazi. Ndiyo maana wawili wenye mzigo sawa wanaweza kuwa na afya tofauti.

Haki inakwenda pamoja na malipo. Wakati wa Ebola, wakaaji wa Beni na Butembo walizungumza waziwazi juu ya "biashara ya Ebola": waliochukuliwa na timu za mapambano walilipwa vizuri, na mwenzao katika kituo cha jirani, anayetibu malaria na kuzalisha, alibaki na mgawo wake mdogo. Mwaka 2021 tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti yenye aibu: watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono katika mapambano hayo, wakiwemo 21 wa OMS wenyewe, na wanawake waliosimulia kwamba walidaiwa mwili ili wapate kazi. Anayeona kazi inagawanywa hivyo anapoteza imani na wakubwa wote, hata walio safi.

Kuna ukosefu wa haki mwingine, ambao hauvunji sheria yoyote. Wafanyakazi wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa wanaotumwa maeneo magumu wana likizo ya kupumzika kila baada ya majuma machache, kwa sababu wakubwa wao wanajua kwamba mtu hawezi kukaa katika hatari bila kupumua. Muuguzi wa kienyeji anafanya kazi katika hatari ile ile, na nyumbani kwake ni hapo hapo. Kanuni ya afya inayomfaa mmoja inamfaa na mwingine.

Umoja kazini nao umepasuka. Mahali ambapo zoni moja ya afya imegawanywa na mstari wa mbele wa vita, anayebaki anaogopa kuitwa mshirika wa upande fulani, na anayekimbia anaogopa kuambiwa amewaacha wagonjwa. Watu waliokuwa wakicheka pamoja chumba cha zamu sasa wanapima maneno.

Mwisho ni maadili. Katika hospitali nyingi za nchi yetu, mgonjwa aliyepona lakini hana pesa anazuiliwa hadi familia ilipe. Anayesimama mlangoni kumzuia ni mara nyingi muuguzi yule yule aliyemuuguza. Mama ana mtoto mchanga mgongoni, amepona, anataka kwenda nyumbani, na aliyemzalisha anamwambia arudi ndani. Muuguzi anajua kwamba akimwacha atoke, mgawo wa mwisho wa mwezi utapungua, wake na wa wenzake. Hakuingia kazi hiyo awe mlinzi wa gereza. Mpango wa serikali wa uzazi bila malipo, ulioanzishwa Kinshasa Septemba 2023, ungeweza kuwaondolea wauguzi aibu hiyo. Lakini pale ambapo serikali inachelewa kurudisha pesa, ni kituo na wafanyakazi wake wanaolipia uzazi huo.

Kwa nini hawasemi

Mwenye maumivu haya kwa kawaida ananyamaza. Katika jamii zetu muganga ndiye anayeponya. Akisema yeye anaumwa, na tena moyo, watu wanashangaa. Wapo watakaosema amerogwa, wapo watakaosema imani yake ni ndogo. Mwanaume anaambiwa halii. Mwanamke, ambaye mara nyingi ndiye muuguzi au mkunga, anatoka zamu na kuingia zamu ya pili: maji, chakula, watoto, mgonjwa wa familia anayemngojea kwa sababu "wewe ni muganga".

Kuna pia hofu ya kupoteza kazi. Anayejulikana kuwa na depresyoni anaweza kuonekana hafai kushika sindano. Na hata akitaka msaada, aende wapi? Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, vyote vikiongozwa na Mabruda wa Upendo, na vimesaidia watu wengi. Lakini mtaani bado vinaitwa nyumba za wenda wazimu, na muuguzi anaogopa kuonekana langoni. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache nchini, na wengi wao wako Kinshasa.

Kimya hicho kina bei, na mgonjwa ndiye anayeilipa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliounganisha tafiti 47 zenye madaktari zaidi ya 42,000 wa nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba daktari aliyeishiwa nguvu ana uwezekano mara mbili zaidi wa kuhusika katika tukio linalohatarisha usalama wa mgonjwa. Dozi inakosewa, damu haiangaliwi mara ya pili, homa isiyo ya kawaida inaandikwa malaria bila kuuliza zaidi.

Katika nchi ya Ebola kosa hilo la mwisho linaweza kuua wengi. Mlipuko wa Bulape, Kasai, ulipotangazwa tarehe 4 Septemba 2025, wahudumu wa afya wanne walikuwa tayari miongoni mwa waliofariki. Mlinzi wa kwanza dhidi ya mlipuko wowote ni muuguzi wa kijijini mwenye akili iliyotulia kiasi cha kushuku. Akichoka sana, nchi nzima inachelewa kujua.

Semina hazitoshi

Haitakuwa haki kusema hakuna kilichofanyika. Mapambano dhidi ya Ebola yaliwaleta wanasaikolojia hadi Beni na Butembo, na mashirika kadhaa yanaendesha vikao vya kuwasikiliza wahudumu. Lakini msaada huo una udhaifu wa aina mbili. Unakuja na mradi na kuondoka na mradi. Na mara nyingi unamfundisha mhudumu kupumua vizuri na kupanga mawazo yake, kisha unamrudisha katika zamu ile ile, bila mshahara, bila dawa. Ni kama kumpa dawa ya kuharisha mtu na kumwacha aendelee kunywa maji yale yale.

Mwongozo wa OMS wa Septemba 2022 juu ya afya ya akili kazini unataka kazi yenyewe irekebishwe: mzigo, ratiba, ushiriki wa wafanyakazi katika maamuzi, na mafunzo kwa wakubwa ili watambue msaidizi anayezama. OMS inakadiria kwamba dunia inapoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa sababu ya depresyoni na hofu ya kudumu. Hasara hiyo inagusa zaidi nchi ambayo muuguzi mmoja akikosa, kituo kinafungwa.

Wapo watakaouliza kama huu ndio wakati wake. Wakimbizi wanalala chini ya mahema yaliyochanika, watoto wanakufa kwa surua, serikali haina pesa, na mashariki ina watawala wawili. Swali ni la haki. Lakini mkimbizi na mtoto huyo wote wanamhitaji mtu mmoja aliye mzima mbele yao. Na si kila jambo linangoja pesa nyingi.

Yanayowezekana sasa

La kwanza liko mikononi mwa wakuu wa hospitali na vituo: ratiba. Mtu asifanye zamu ya usiku peke yake pale ambapo wawili wapo, na asipewe siku nzima ya kazi baada ya usiku wa kazi. Sehemu nzito, kama chumba cha waliofanyiwa ukatili au wodi ya walioungua, zizungukwe kwa zamu za majuma, ili asiwepo anayebaki huko mwaka mzima.

La pili ni uwazi wa pesa. Hata mgawo ukiwa mdogo, ukibandikwa ukutani pamoja na hesabu yake, unaondoa sumu ya kushukiana. Wizara na wafadhili nao wangechagua siku moja ya mwezi inayojulikana na kuiheshimu. Pesa kidogo inayokuja kwa wakati inapunguza stresi kuliko ahadi kubwa isiyo na tarehe. Katika maeneo yaliyo nje ya mikono ya serikali, njia ya kuwalipa wahudumu wa afya inapaswa kuingia katika mazungumzo ya kibinadamu, kama vile njia ya kupitisha chanjo na dawa.

La tatu ni kumweka mtu mahali panapomfaa. Kabla ya kumtuma daktari kijana kwenye hospitali ya mbali, zoni ya afya ingeuliza ameshafanya nini kwa mikono yake, ingempa majuma ya kujifunza upasuaji wa uzazi pembeni ya mzoefu, na namba ya mkubwa anayeweza kumjibu kwa simu usiku. Na angejua tangu mwanzo atakaa huko muda gani. Mtu anavumilia mengi akijua mwisho wake.

La nne ni kusikilizana baada ya tukio baya. Dakika ishirini, chai, mkubwa anayeuliza kila mmoja yukoje na nani anahitaji kwenda nyumbani. Kulazimishana kusimulia hakufai: OMS haishauri kikao cha mara moja cha kumtaka mtu aeleze upya yote aliyoona, kwa kuwa hakijaonyesha kuzuia madhara ya baadaye.

La tano ni matibabu ya siri. Maswali mawili yanatosha kuanza: katika majuma mawili yaliyopita, umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Umejisikia mwenye huzuni au bila tumaini? Anayejibu ndiyo mara nyingi anapaswa kuonwa, na kwa mhudumu ni vizuri aonwe katika kituo kingine, ambako daftari halisomwi na wenzake. Tangu mwaka 2010 OMS ina mwongozo unaomwezesha daktari au muuguzi asiye bingwa wa akili kutibu depresyoni, na dawa kama amitriptilini na fluoksetini zimo katika orodha yake ya dawa muhimu. Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Hatua hizi hazitamaliza vita wala hazitamrudisha aliyeuawa Butembo, Biakato au Byambwe. Ila zinampa aliyebaki sababu ya kubaki. Mlipuko mwingine utakuja, na majeruhi wengine watabisha saa tisa ya usiku. Nani atafungua mlango, na atakuwa katika hali gani, ni jambo linaloamuliwa leo na mkuu wa hospitali anayepanga zamu, mfadhili anayeandika bajeti na wizara inayoshika orodha ya mishahara.